Nesi Aliyeshinda kwa Sanduku Langu la Posta

Nesi alishinda tiketi za bure za muziki mara tisa. Najua ni mara tisa kwa sababu nilikuwa nahesabu, na mtu hahesabu bahati ya jirani yake kwa makini namna hiyo ila inapomuuma. Mimi katika miaka hiyo hiyo, kwa redio ile ile na kadi za duka lile lile, sikushinda hata kitana.

Nisijifanye mtakatifu. Nilimpenda Nesi na nilimwonea wivu, na kati ya hayo mawili wivu ndio uliokuwa ukiamka mapema. Tuliishi ploti moja Ruiru, upande wa Gatongora, vyumba vya mawe vinavyotazamana na kamba moja ya nguo katikati. Yeye alikuwa nesi wa kliniki, Mwislamu wa kufunga mtandio hata akienda kuteka maji, na ploti nzima ilimwita Nesi, wakubwa kwa wadogo. Mimi nilikuwa fundi wa nguo. Nilikuwa na kibanda mjini, cherehani ya kukanyaga, na redio juu ya rafu ya vitambaa. Mume wangu alikuwa ameenda zake na kuniachia binti yetu Njeri na redio hiyo.

Siku hizi naona vijana wanabonyeza simu, wanaandika chini ya picha ya mwanamuziki kwamba wachaguliwe wao, na jioni wameshapata tiketi. Sisi miaka ya tisini tulikuwa na kadi za salamu. Ilikuwa karatasi ngumu yenye nafasi ya jina lako, mahali ulipo na majina ya unaowasalimu. Unaijaza, unaituma, na Jumamosi mchana mtangazaji anaisoma redioni nchi nzima ikisikia. Kisha makampuni ya sabuni na majani chai yakaona watu wanasikiliza, yakaanza kutoa zawadi. Unajibu swali la muziki, unabandika karatasi ya sabuni nyuma ya kadi, kadi zote zinamwagwa kwenye pipa na mkono unaingia. Zawadi kubwa ilikuwa tiketi mbili za kwenda kusikia bendi.

Mimi ndiye niliyemfundisha. Hilo nataka lijulikane mapema. Alihamia pale akiwa hajui kadi ya salamu inafananaje. Jioni moja alinikuta nje ya mlango wangu nimepiga goti, ninaandika kwa herufi ndogo kama chawa.

"Mama Njeri, hiyo ni kadi ama ni rejista ya kanisa?" akaniuliza.

Nikamweleza kwamba ni wateja wangu. Kila aliyekuja kupimwa nguo aliniambia, "Fundi, na mimi unitie kwa redio." Ningemkataa nani? Aliyelipa nilimtia, ambaye bado nilimtia ili akumbuke kulipa, mama mkwe wake nilimtia, na mtoto aliyebatizwa majuzi nilimtia. Kadi yangu ilikuwa na watu arobaini, hamsini. Nilipofika mwisho wa mistari nilizunguka pembeni, nikaandika mpaka juu ya stempu.

Nesi aliniomba kadi moja, akaketi kwenye ngazi yake, akaandika majina mawili tu. Alikuwa na mwandiko wa kliniki, ule wa chati inayoning'inia miguuni mwa kitanda, herufi zimesimama wima kila moja na nafasi yake. Jumamosi iliyofuata mtangazaji akasoma: "Nesi wa Ruiru anamsalimu mwenzake wa kliniki, na anamsalimu Mama Njeri, fundi wa nguo, aliyemfundisha kuandika kadi."

Nilikuwa nimetuma kadi miaka mitatu. Hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza jina langu kusikika redioni, na lilifika huko kwa mkono wa mtu aliyeanza wiki hiyo hiyo. Wateja waliokuwa kibandani walipiga makofi. Nami nilicheka nao, nikadunga sindano kwenye kidole.

Alijaribu kunisaidia, sitaki kumsingizia. "Kadi ni kama mgonjwa," aliniambia. "Ukimrundikia blanketi kumi utamuua. Andika wawili, watatu, mtangazaji apumue." Nilimwambia nitafikiria. Sikufikiria. Kufuata ushauri wake kungekuwa sawa na kukubali kwamba anajua, na redio ilikuwa yangu kabla haijawa yake. Nikaendelea na watu wangu arobaini. Nina hakika kadi zangu zilitupwa na mtu aliyekuwa na macho mabovu na haraka nyingi, na simlaumu.

Lililoniumiza zaidi ni kwamba Nesi hakujua muziki. Hakujua kabisa. Hakuweza kutofautisha bendi ya Zaire na ya Tanga, na akiimba hata paka wa ploti walihama. Mimi nilijua nani alipiga gita lipi katika wimbo upi, na nani aliondoka bendi ipi kwa kugombania nini. Kwa hivyo swali lilipotangazwa, Nesi alikuja kwangu kabla hata hajavua viatu vya kazini.

"Mama Njeri, wanauliza mwimbaji wa ule wimbo wa mwanamke aliyerudishwa kwao. Anatoka wapi huyo?"

Nami nilimjibu! Kiburi cha kujua kilinishinda. Nilimpa jibu, mwaka, na jina la mpiga ngoma juu yake. Aliandika jibu peke yake, akaacha hayo mengine, akashinda.

Mara moja nilimdanganya. Niseme tu. Waliuliza mpiga gita fulani alizaliwa nchi gani, nami nikamwambia Tanzania ilhali najua ni Zaire, kisha nikaingia ndani nikapika nikiimba. Akashinda. Nilipomletea barua yake nilishindwa kujizuia, nikamuuliza aliandika nini.

"Nilituma mbili," akasema. "Moja ya Tanzania, moja ya Zaire. Siku ile ulionekana umechoka, nikaona usije ukawa umekosea." Alisema hivyo bila kunitazama, anakata bahasha kwa mkasi mdogo wa bendeji, na hadi leo sijui kama alikuwa ananistahi au ananicheka.

Nimesema nilipomletea barua yake, na hapo ndipo pana mambo. Ruiru ya wakati ule sanduku moja la posta lilikuwa la watu ishirini. Ukiwa na sanduku, una ndugu. Mimi nilikuwa nalo kwa ajili ya kibanda, na ploti nzima ilipokea barua zake humo: barua za watoto walioko bweni, za mashamba, za kesi. Ufunguo niliuvaa shingoni kwenye kamba moja na tepu ya kupimia, na nakiri niliupenda. Nesi aliniomba mapema atumie sanduku langu, kwa sababu barua za kliniki zilikuwa zikizubaa mezani kwa daktari. Nikamkubalia kwa moyo mkunjufu, sikujua nakubali nini. Kila ushindi wake ulipitia mkononi mwangu. Ni mimi niliyefungua sanduku, nikaiona bahasha ndefu nyeupe yenye muhuri wa kampuni ya sabuni, nikaisoma juu nikiomba angalau mara hii jina liwe langu. Kisha nikaibeba hadi nyumbani na kumkabidhi, na alinishukuru kila mara kana kwamba ni mimi niliyempa.

Na huko kwenye muziki alifanya nini? Alishona vitambaa. Naapa. Aliingia ukumbini na kulabu yake na uzi mweupe ndani ya mkoba, akaketi mstari wa mbele, na wakati magita yanalia alikuwa akifuma vitambaa vya kufunika makochi. Mke wa keateka wetu, yule mzee aliyefagia ploti na kukusanya kodi, alirudi siku moja akitusimulia huku amejishika kiuno kwa kicheko. "Watu wamesimama juu ya viti, Nesi anahesabu mishono." Wote walicheka. Mimi nilienda nyuma ya choo nikalia kidogo, kwa sababu usiku uliotangulia nilikuwa nimeota niko pale.

Nikamuuliza siku moja, kwa hasira niliyoivisha utani, "Nesi, kama hupendi muziki, unaenda kutafuta nini huko?"

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, jambo lililoniudhi pia.

"Kabla bendi haijaanza, mtangazaji anaita walioshinda," akasema. "Mmoja mmoja, kwa jina. Unasimama, watu wanakupigia makofi, unaketi. Mimi, Mama Njeri, nikiitwa ni kwa sababu mtu anaumwa. Usiku, mchana, Idi, nikisikia 'Nesi!' najua kuna damu mahali. Pale naitwa na hakuna mgonjwa. Basi nasimama."

Kwa siku mbili nilimpenda bila wivu, kisha akashinda tena.

Tiketi zilikuja mbili mbili, kwa hivyo daima kulikuwa na wa pili. Utashangaa kwamba huyo wa pili hakuwahi kuwa mimi. Lakini aliniita, na hapo ndipo ubaya wangu ulipojifunga kamba wenyewe. Mara ya kwanza kabisa alinijia na tiketi mkononi. "Twende, wewe ndiye unajua hawa watu." Moyo uliruka, nao mdomo ukasema, "Ai, mimi niko na nguo za harusi. Mimi hizo vitu sina haja nazo." Nilitaka anibembeleze. Kwetu mtu akikualika chakula unakataa kwanza, anasisitiza, unakataa tena kwa sauti ya chini, anakuvuta mkono, unaketi. Nilikuwa kwenye kukataa kwa kwanza.

Nesi hakuwa na mambo hayo. Alikuwa na msemo wake: "Mtu mzima haulizwi mara mbili." Ndivyo alivyowauliza wagonjwa kama wamekunywa dawa, ndivyo alivyotuuliza sisi. Akasema sawa, akampeleka mke wa keateka. Baadaye akampeleka muuza maziwa, na baada ya hapo kijana mmoja wa kliniki aliyefiwa. Mwezi wa Ramadhani ulipokutana na ushindi, alitoa zote mbili kwa keateka na mkewe, wakavaa wakaenda kama bwana na bibi harusi, nami nikawakunjia pindo la suruali ya mzee bila malipo. Kila mara nilingoja anigeukie. Hakugeuka, maana nilishasema sina haja, na yeye aliamini maneno ya watu.

Alikuwa na leso moja ya manjano imeandikwa "Hasidi hana sababu". Alipoianika kwenye kamba yetu, maandishi yalitazama mlango wangu. Nilinuna wiki nzima. Mwishowe nikamwambia, "Kama una neno na mimi, Nesi, si uniambie tu?" Alishangaa, akaisoma leso yake kama anaiona mara ya kwanza. Alikuwa amepewa na mama mmoja aliyezalishwa naye. Kuanzia siku hiyo aliianika kwa ndani, maandishi yakamtazama yeye mwenyewe, na hilo likanifanya nijione mdogo kuliko maandishi yenyewe yalivyonifanya.

Sasa mtu atadhani alikuwa malaika. Hapana. Alikuwa na ukali. Mtoto aliyelia kabla ya kudungwa sindano aliambiwa, "Lia ukishaumia, usipoteze." Alinyima watu sukari kwa ajili ya meno yao. Alipenda kusifiwa kuliko alivyokubali, na alihifadhi bahasha zote za ushindi kwenye bati la biskuti, akazitoa mgeni akija, moja moja, kwa mpango. Lakini Njeri aliposhikwa na malaria kali, Nesi alikaa naye siku tatu baada ya zamu yake, akimfuta kwa kitambaa cha maji, akinilazimisha nile. Mtoto alipofumbua macho na kuomba uji, Nesi ndiye aliyelia. Unaona ugumu wa kumwonea wivu mtu kama huyo. Huwezi hata kumchukia upumzike.

Sasa nije kwenye bendi yangu. Naiita yangu, ingawa hawakunijua. Ilikuwa bendi ya magita matatu, na lile la tatu lilikuwa likiingia kwa kuchelewa, linajivuta, kisha linabeba wimbo wote. Nilipoachwa na mume, ni nyimbo za bendi hiyo zilizonifanya nikanyage cherehani badala ya kulala. Redio ikatangaza kwamba watakuja Thika, Jumapili mchana, na kwamba kampuni ya sabuni itatoa tiketi. Nilituma kadi sita. Kwa mara ya kwanza niliandika majina mawili mawili, kama alivyonifundisha. Nilikuwa nimenyenyekea kabisa. Nesi hakuniuliza jibu safari hiyo, kwa kuwa swali lilikuwa rahisi. Alituma moja.

Jumamosi wakasoma majina ya washindi. Nilikuwa kibandani peke yangu, mkasi mkononi. Wakasoma mtu wa Gatundu, wakasoma mtu wa Murang'a, na wakasoma Nesi wa Ruiru.

Nesi siku hiyo alikuwa zamu, na wodini kwao redio haikuruhusiwa. Kwa hivyo, nilijiambia, ni mimi peke yangu niliyesikia. Sikwenda kumwambia. Siku ya Jumatano nikafungua sanduku, bahasha ndefu nyeupe ikawa imelala humo. Nikaitia kifuani. Mwanzoni, nasema kweli, sikutaka kuitumia. Nilitaka tu Nesi angoje barua isiyokuja, aonje. Nilipofika kibandani nikaifungua. Tiketi mbili, za rangi ya waridi, mstari wa mbele. Nikaziweka kwenye droo ya cherehani chini ya bobini za uzi, na jioni ile ile nikakata kitambaa cha kijani nilichokuwa nimekificha miaka miwili, nikaanza kujishonea nguo.

Ijumaa Nesi alipita kibandani kutoka kazini. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akavua kiatu kimoja akakanda mguu.

"Hakuna barua, Mama Njeri?"

"Hakuna."

Akaitazama ile nguo ya kijani chini ya sindano. "Rangi nzuri," akasema. Akavaa kiatu, akaenda. Hakuniuliza tena siku hiyo wala siku nyingine.

Jumapili nilimwacha Njeri kwa mke wa keateka, nikavaa nguo yangu na viatu vya kukopa, nikaenda Thika. Nilifika hadi kwenye foleni. Getini alisimama mtangazaji mwenyewe. Nilimjua kwa sauti, maana nilikuwa nimeishi nayo miaka. Alikuwa na orodha mkononi, anawapokea washindi. "Wewe ndiye wa Gatundu! Karibu, karibu, leo tumeonana." Alimkumbatia. Ndipo nikaelewa nilichokuwa nimesahau kwa tamaa: kwamba kiti kile kilikuwa cha Nesi wa Ruiru, kwamba jina hilo litaitwa, na kwamba atakayesimama ni mimi. Ningeweza kuiba barua. Kusimama mbele ya watu wote wale nikapigiwa makofi kwa jina lake, hapana, hilo lilinishinda. Nikatoka kwenye foleni. Nilizunguka nyuma ya ua, nikasimama na wauza mahindi, nikasikia nyimbo tatu kupitia ukutani. Gita la tatu lilikuwa halisikiki vizuri kutoka pale. Nikarudi nyumbani kabla jua halijashuka, Nesi akiwa mlangoni pake anachambua mchele, na tukasalimiana.

Baada ya mwaka alistaafu akahamia Ngoingwa, kule Thika, kwa binti yake. Nilisaidia kufunga vyombo. Tuliagana vizuri, akanipa ndoo na ule mkasi mdogo, nami nikaendelea na droo yangu. Nilidhani akiondoka itapungua. Badala yake kila nilipotafuta bobini niligusa bahasha.

Miaka minne ilipita tangu ile Jumapili kabla sijaenda kumwona. Nilikuwa nimesikia sukari imemsumbua na mguu hautembei vizuri. Nikanunua mkate na majani chai, nikatia bahasha kwenye mkoba, nikaenda Ngoingwa. Binti yake alinifungulia, akanipeleka sebuleni, akaenda kutuwekea chai. Nesi alikuwa kwenye kochi, mguu juu ya kigoda, mtandio kichwani, amepungua. Vitambaa vyake vyeupe vilikuwa kila mahali, juu ya televisheni, juu ya thermosi.

"Mama Njeri wangu," akasema, "nilijua utakuja. Njeri yuko kidato cha ngapi?"

Tuliongea ya Njeri, ya ploti, ya keateka aliyefariki. Chai ikaja, binti yake akarudi jikoni. Nikaona nisipolisema wakati huo nitaondoka nalo tena.

"Nesi, nimekuja na jambo."

"Ni ile barua," akasema.

Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Akaanza kucheka, kicheko cha kifuani, cha mtu aliyengoja utani ufike mwisho.

"Mlinzi wa kliniki alikuwa na redio getini," akasema. "Alikuja mbio wodini kuniambia, 'Nesi, umeshinda tena.' Nikajua barua iko kwako. Nikaja kukuuliza."

"Na nikakwambia hakuna."

"Ukaniambia hakuna. Na nikaiona ile nguo." Akaegemea mbele, macho yanang'aa. "Mama Njeri, nilitoka pale nimefurahi, nakuapia. Nilisema, haya, miaka yote ananiambia hana haja, kumbe anayo. Wacha aende. Nilikaa mlangoni Jumapili yote nakufikiria. Nikasema sasa wanamwita. Sasa anasimama."

Nitasema nilivyohisi. Sikuhisi aibu kwanza. Nilihisi wivu, mkubwa kuliko ule wa mara zote tisa. Nilikuwa nimemwibia kitu alichokipenda, na yeye akafurahi kwa ajili yangu, na mimi maishani mwangu sikuwahi kufurahi kwa ajili ya mtu namna hiyo hata kwa dakika moja. Hata katika kuibiwa alikuwa amenishinda.

"Miaka minne nataka kukuuliza," akaendelea. "Ile nguo ilikukaa vizuri? Walikupigia makofi mengi?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nguo nilikuwa nayo, nyimbo tatu nilizisikia. Lakini nilikuwa nimekuja kusema kweli, na nilijiona mtu mwema kwa kuisema. Nikafungua mkoba, nikatoa bahasha, nikaiweka mapajani mwake.

Akazitoa tiketi. Akazigeuza. Pembeni, mahali wanapokata mlangoni, zilikuwa nzima.

"Hizi hazikukatwa," akasema.

"Nilifika getini tu. Yule mtangazaji alikuwa pale. Nikashindwa, Nesi. Nikarudi."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

"Hata Njeri hukumpeleka."

"Hapana."

Akazipanga moja juu ya nyingine, akazilinganisha kingo kwa vidole, polepole. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni, na kilichochukua mahali pake sikuwahi kukiona kwake, hata zile siku tatu za malaria ya Njeri. Niliona amekuwa mzee ghafla, hapo mbele yangu.

"Kwa hivyo jina liliitwa," akasema, "na hakuna mtu alisimama."

Nikafunga mkoba wangu.

"Hiyo ungenidanganya, Mama Njeri. Hiyo moja tu, ungenidanganya."

Akanirudishia bahasha. Nilimwomba msamaha, akasema amenisamehe zamani, na alisema kweli, lakini alisema akitazama dirishani. Chai yangu ilikuwa imepoa. Nikainuka nikaaga, na binti yake akajibu kutoka jikoni kwamba nisubiri kidogo, mama atanisindikiza, daktari amemwambia atembee kila siku mpaka barabarani. Fimbo yake ilikuwa pale pale karibu na mkono wake. Nesi alinishika mkono, akaniambia nimsalimie Njeri, akabaki ameketi. Nilienda hadi getini peke yangu, nikalifungua, nikalifunga.